Semina ya Kuondoa Hatia

Dobi huyu wateja walimwita Mstari, kwa sababu suruali ikitoka mikononi mwake, mkunjo wake ungeweza kukatia mkate. Alikuwa mtu wa dini, tena si haba. Kwaya nzima ilimkabidhi majoho yake, naye aliamini kwamba Mungu angekuwa na nguo za kufua, angezileta palepale dukani kwake.

Basi siku moja aliacha pasi juu ya joho jeupe la mwalimu wa kwaya, akatoka mlangoni kubishana habari za mpira. Aliporudi, alama ya pasi ilikuwa imetulia mgongoni mwa joho kama muhuri wa serikali. Nyuma ya duka, shemeji yake, mjane wa kaka yake na mwanakwaya, aliyekuja kumsaidia siku hiyo, alikuwa anaanika mashuka. Mwalimu alipofika, Mstari hakuhitaji hata kufikiri.

"Ni shemeji," alisema kwa huruma iliyopigwa pasi vizuri. "Tangu msiba ule, akili haijamtulia. Tumvumilie tu, mwalimu."

Ndivyo alivyomwangushia mjane jumba bovu, kwa upole wote wa Kikristo. Kwaya nayo haikumfukuza, hasha, ilimwomba apumzike. Mama aliyeimba sauti ya pili miaka kumi na moja akahamia kiti cha nyuma, na watu wakawa wanamsalimia taratibu, kama wanavyomsemesha mgonjwa.

Hatia ikamkaa Mstari kooni kama mwiba wa samaki. Chakula hakikupita. Kila akiinua pasi alimwona marehemu kaka yake. Mtu mwingine angesema, ehe, dhamiri inafanya kazi yake, ngoja nikaseme ukweli yaishe. Lakini Mstari alikuwa mjuzi wa mambo ya rohoni. Alijiandikisha kwenye semina ya siku tatu.

"Hatia ni sauti ya adui!" mhubiri alinguruma. "Ikikusema, iambie toka!"

Mstari aliiambia toka, mikono juu, machozi yakimtiririka. Ikatoka. Watu wakamkumbatia, na hakuna aliyemuuliza ni hatia ya nini. Hilo halikuwamo kwenye ratiba. Yaani Mungu anakupa maumivu ya jino ujue limeoza, wewe unameza dawa ya kutuliza na kuimba haleluya. Inachefua, lakini ukumbi mzima ulipiga makofi.

Wiki zilizofuata Mstari alinenepa. Akikutana na shemeji yake njiani alimpigia "Bwana asifiwe!" kwa macho makavu. Kanisani alitoa ushuhuda kwamba hana mzigo tena.

Mwezi wa nne tangu joho liungue, shemeji akaja dukani, akasimama mbele ya meza ya kupigia pasi, mkoba kaukumbatia kifuani.

"Shemeji, nimekuja kuomba msamaha."

"Wa nini tena?"

"Wa lile joho. Nilikuwa nakataa moyoni, nasema mbona mimi pasi sikuishika. Lakini wewe mtu wa Mungu, huwezi kunisingizia. Basi ni mimi, ila sikumbuki. Siku hizi hata jiko siwashi watoto wakiwa ndani, nisije nikawaunguza. Wanashindia mkate. Nisamehe, shemeji."

"Nimekusamehe" lilikuwa mdomoni tayari. Semina ilikuwa imemfanya mkarimu. Alifungua kinywa alitamke, uso ukamwaka moto. Aliiambia ile sauti toka, mara ya kwanza, mara ya pili. Haikutoka. Aliona aibu, aibu hasa, ya mtu mzima aliyevuliwa nguo sokoni, na safari hii hapakuwa na wa kumwekea mikono.

"Pasi niliiacha mimi," alisema akitazama sakafu. "Wewe ulikuwa nyuma unaanika. Akili yako nzima, shemeji. Haijawahi kuwa na tatizo lolote."

Mjane aliketi polepole juu ya furushi la nguo chafu. Alilia, akacheka kidogo.

"Miezi minne," alisema mwishowe. "Miezi minne nafunga na kuomba, natubu dhambi yako. Vaa viatu. Leo kwaya ina mazoezi."