Shaba Tatu, Mifupa Mitatu

Enzi zetu kule Kolwezi, mji wa migodi ya shaba kusini mwa Kongo, barabara nzima ilikuwa na gita moja tu la umeme, nalo lilikuwa la Tata Mutombo, jirani yetu mwenye asili ya mkoa wa Kasai. Jumapili, tukishashiba bukari na sombe, alilichomeka kwenye redio kubwa ya baba, nasi watoto tukacheza mpaka vumbi likatugeuza wekundu. Vijana wa leo wa mtaa wetu wa Manika wanabonyeza simu, muziki unalia wenyewe. Hata jasho la ngoma hawalijui.

Gita lile lilikuwa na ugonjwa mmoja. Vile vijipande sita vya chuma ambavyo nyuzi hukalia, karibu na mkono unaopiga, vilishika kutu. Skrubu zake zilimchoma Tata Mutombo kiganja, na sauti ilikwaruza kama kijiko kwenye sufuria. Akaamua kuchonga vingine. Ngalula, bintiye, ambaye mimi naye tulikuwa kama chanda na pete, alitaka mfupa wa ng'ombe. Tuliusugua kwa zamu kwenye saruji ya ngazi yao mpaka ukateleza. Lakini mimi nilitaka shaba.

“Shaba ni yetu!” niliimba nikirukaruka.

“Mutoto, shaba iko teketeke,” Tata Mutombo akaniambia. “Kamba itaikata.”

Nikaangua kilio. Akacheka. “Basi, tatu yako, tatu ya Ngalula.”

Shaba akaiweka kwenye nyuzi nene, mifupa kwenye nyembamba. Kiganja kikapona, na gita likalia vizuri hata mama akaacha kusonga bukari asikilize.

Kisha mambo yakaharibika. Kazi ya mgodi ikalegea, mishahara ikakatika, watu wakatafuta wa kulaumiwa. Siku moja vijana walipita wakiimba kwamba shaba ni yetu, Wakasai warudi kwao. Mimi nilisikia wimbo wangu. Nikatoka mbio, nikaitikia kwa nguvu zangu zote, nacheka. Nilipogeuka, Ngalula alikuwa mlangoni kwao, ananitazama. Mama alinivuta ndani kwa sikio, lakini maji yalikwisha kumwagika.

Wiki ile akina Ngalula walikwenda stesheni na mafurushi yao kungoja treni. Tata Mutombo alimwachia baba gita.

“Unichungie, nitakuya kuichukua,” akasema. “Banasema turudi kwetu. Mi nilizaliwa hapa hapa.”

Ngalula hakuniaga.

Hawakurudi. Baba alilichunga gita mpaka kufa kwake, sasa liko kwangu. Juzi nililipeleka kwa fundi. Shaba zangu zimekatwa na nyuzi kweli, zinakoroma; mifupa ya Ngalula ni mizima. Fundi, kijana wa leo, alitaka aweke vya dukani vyote sita. Nikakataa. Nikanunua mguu wa ng'ombe sokoni, nikauchemsha, nikaukausha, nikakaa ngazini kusugua vipande vitatu.

Ngalula, popote ulipo, nisamehe. Zamani tuligombania zamu ya kusugua. Sasa zamu zote ni zangu.