Nusu ya Diski Iliyopotea

Wakati wa vita, hapa Uvira kila mtu alimshuku mwenzake, nami niliwazidi wote. Ofisini kwetu Kasenga nilifuta sisteme ya pili ya kuendeshea ordinateri, kompyuta yetu, ili nipate nafasi, lakini nusu ya diski haikurudi. Nikamshuku Espérance, mwenzangu aliyekimbia kutoka Luberizi: bila shaka anaficha humo siri za wenye silaha! Nikamshitaki kwa shefu wa ofisi, shitaka ambalo siku zile lilitosha kumfunga mtu.

Espérance alifungua kwenye ordinateri picha inayoonyesha diski nzima.

“Shefu, nafasi iko hapa, haina kitu. Mutu akifuta sisteme, lazima aunganishe nafasi yake na ile ingine. Nani alifuta?”

Shefu akanitazama.

“Ni miye,” nikasema.