Ntumba Kwenye Barua Pepe

Salome, bibi shamba wa kijiji cha Mwazye, alikuwa mtu wa maswali tangu utotoni. Kilichomkosesha raha zaidi ni ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia majani ndani yake yaoze. Mahindi hustawi juu yake, sawa. Lakini humo ndani kunatokea nini?

Akaenda mjini Sumbawanga kwa Nadhira, rafiki yake, mkutubi wa chuo, kumwomba vitabu.

"Vitabu vinachelewa, dada," Nadhira alisema. "Lete simu. Tutaiachia kanzidata ya makala za utafiti neno moja. Makala mpya yenye neno hilo ikitoka, kanzidata yenyewe itakutumia arifa kwa barua pepe. Neno gani?"

"Ntumba."

Haukupita muda, arifa zikaanza kumiminika. Salome alizifungua kwa pupa. Ugonjwa wa figo. Upasuaji wa macho. Siasa za migodi. Akampigia Nadhira, naye alipotazama majina ya waandishi akaangua kicheko: kumbe Ntumba ni jina la watu kule Kongo, na wasomi wao hawalali!

"Mtambo haujui tuta wala daktari," alisema. "Tuongeze udongo, majani, matuta. Na kwa Kiingereza, maana wengi ndicho wanachoandikia."

Arifa zikakatika, hata Salome akadhani wameharibu. Kisha ikaja makala moja: mtafiti wa Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasesya, alikuwa amepima joto ndani ya matuta kama yale na kulikuta limezidi la udongo wa kando. Salome akaazima kipimajoto, akaenda shambani kwa Mama Rozina, mkulima wa ntumba pale kijijini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ardhi nayo ina homa?"

"Ndiyo nataka kujua."

Tuta la kwanza lilikuwa na joto. La pili, baridi.

Salome akamwandikia yule mtafiti. Jibu lilikuja upesi: kwao pia mengine hayapati joto, sababu hawaijui, je, wangeweza kupima pamoja? Msimu huo wakapima huku na kule, wakatumiana majibu. Palipofukiwa majani mabichi, joto lilipanda. Palipofukiwa makavu, halikupanda.

Salome alipompelekea Mama Rozina habari hizo, mama alitikisa kichwa taratibu.

"Na mchwa je? Mbona wao wanapenda yale ya baridi?"

Salome akatoa simu, akaongeza neno: mchwa.