Maboksi Niliyoyatupa Dubai

Siku niliyopakia sanduku langu kule Dubai bado inanichoma, mwanangu, ingawa kichwa changu chote sasa ni mvi. Nilikuwa karani wa reli, naishi Ziwani hapa Nairobi, na ndiyo mara yangu ya kwanza kupanda ndege. Unajua desturi yetu: mtu mmoja wa ploti, yaani sisi wapangaji wa ua mmoja, akipata safari, ploti nzima inamtuma. Huyu alitaka pasi, yule redio. Mama Nafula, jirani aliyenilisha tangu nilipotoka Bungoma bila hata kikombe, alitaka mashine ya kupima presha.

"Usiniletee ya kuchezea, Baba Simiyu," aliniambia. "Hiyo ndiyo itakuwa daktari wangu."

Duka la wakala halisi wa kampuni ya mashine hizo nililiona, nikalipita. Nikaingia kichochoroni, ambako muuzaji aliniita, "Karibu rafiki, orijino, bei poa!" Kusikia Kiswahili ugenini kulinilainisha. Akanifunga mashine mkononi, ikaonyesha mia moja ishirini kwa themanini. Nikafurahi kwamba mimi ni mzima! Nikainunua bila kumwambia ajipime na yeye.

Jioni sanduku likakataa kufungika. Nikafanya ujinga ambao sisi wabeba mizigo ya watu huufanya tukijiona werevu: nikatoa kila kitu kwenye boksi lake, nikatupa maboksi, risiti na karatasi za waranti, ili vya kila mtu vienee.

Niliporudi nikamkabidhi Mama Nafula mashine yake, akawa anajipima kila asubuhi. Namba nzuri. Akamshukuru Mungu, na baada ya muda akaacha vidonge vyake vya presha. Haukupita muda mrefu akaanguka jikoni, mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi.

Niliipeleka mashine hospitalini nikidhani itamsaidia daktari. Nesi akanipima, akajipima, namba ni ile ile. Akaifunga kwenye blanketi lililokunjwa. Mia moja ishirini kwa themanini.

"Hongera, kaka," akasema bila kucheka. "Blanketi letu halina shida yoyote ya presha."

Mpaka leo nina hasira. Kuna mtu mzima mwenye akili timamu aliyeketi akaunda kitu cha kumdanganya mgonjwa, na mwingine akakipanga dukani huku akitabasamu. Hao si wafanyabiashara. Lakini ningewashtaki kwa lipi? Risiti sina, boksi sina, hata jina la duka silijui. Ushahidi niliutupa kwa mikono yangu.

Mama Nafula alinitazama, mdomo umepinda, akasema polepole, "Mimi mashine sikuijua. Nilikujua wewe."  

Safari hiyo hiyo nilijinunulia simu. Ilipoharibika, fundi wa kampuni hapa Nairobi aliigeuzageuza akaniambia, "Hii si feki, mzee. Lakini ilitengenezwa iuzwe nchi nyingine. Waranti yake huku haifanyi kazi." Ndipo nikaelewa kwamba kati ya halali na bandia kuna kitu cha tatu: bidhaa ya kweli iliyopitia mlango wa pembeni. Hiyo haikudanganyi, ila ikifa, imekufa mikononi mwako.

Kwa hiyo, mwanangu unayekwenda Dubai au Uchina, nisikilize. Tafuta muuzaji ambaye kampuni yenyewe inamtaja kwenye tovuti yake. Linganisha namba ya utambulisho iliyo kwenye boksi na ile iliyo kwenye chombo, uithibitishe kwa kampuni ukiwa bado dukani, na muuzaji akinuna mwache anune. Uliza kama waranti itatambuliwa Kenya. Ukichagua ile ya mlango wa pembeni, ichague kwa ajili yako mwenyewe, au mwambie aliyekutuma ukweli wote kabla hujanunua. Kitu cha kupima mwili wa mtu usikinunue kichochoroni kamwe, na ukikileta, kilinganishe na cha hospitali kabla hakijaaminiwa. Sanduku likijaa, acha nguo zako, beba maboksi na risiti. Na kama huna hakika, rudi mikono mitupu. Watakusema ploti nzima kwamba una roho mbaya. Waache waseme, maadamu wana pumzi ya kusemea.

Mungu akupe macho makali sokoni na ujasiri wa kusema hapana. Akurudishe salama, na wote waliokutuma uwakute wamesimama kwa miguu yao.