Kungoja Gari Isiyonguruma

Baba yangu alikuwa na punda jike, rangi ya majivu, ncha ya sikio la kushoto imekatika, na huyo punda ndiye aliyenifundisha kazi. Siku hizo tulikaa Kariandusi, karibu na machimbo ya ule udongo mweupe. Baba alichimba. Jioni alirudi mweupe kutoka nywele mpaka kucha, na mama alimsimamisha nje ya mlango akampiga-piga mgongo kwa ufagio kabla ya kumruhusu aingie, sisi watoto tukicheka na kukohoa. Hata chai yetu ilikuwa na ule unga. Nikianza habari ya vifua vya watu wa kule sitamaliza leo, kwa hivyo wacha nirudi kwa punda.

Alikuwa wa kubeba maji. Baba aliniambia nisimwangalie uso, kwa sababu punda uso wake ni ule ule akiwa mzima na akiwa anakufa. Aliniambia nimsikilize. Kila asubuhi kabla ya kumpakia madebe, niliweka sikio kwenye mbavu zake nikangoja. Sasa asubuhi moja nikasikia kitu huko ndani, kama mtu anayekwaruza sufuria mbali sana. Nikamwambia baba, "Huyu leo si mzima." Nilikuwa darasa la kwanza, na la pili sikulimaliza. Baba hakuniuliza nimejuaje. Alifungua kamba, akashusha madebe, akabeba mawili kwa mikono yake akaenda kisimani. Punda alilala siku nne akapona.

Hiyo asubuhi naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Mke wangu anajua, nimeshamwambia, na yeye alinijibu kwamba hata yeye ya harusi anakumbuka viatu tu, vile vilimbana.

Basi nilipokuwa mkubwa nikawa dereva, na nikaendesha vile nilivyomlinda punda, kwa masikio. Nilianza na trekta kwenye shamba la ngano. Kusoma kwangu ni kwa shida, herufi kubwa naziweza, ndogo zinanikimbia. Lakini beringi ikianza kulia mimi naisikia wiki mbili kabla ya fundi. Mwenye shamba akanileta Nakuru, nyumbani kwake Milimani, nikamwendesha mpaka siku nilipompeleka makaburini. Akabaki mwanawe, na mimi nikabaki na mwanawe. Huyo ndiye namuita bosi, ingawa ni mimi niliyemfundisha kushika usukani, kwenye barabara ya vumbi, na siku ya kwanza akaua kuku wa watu na nikasema ni mimi.

Jioni moja bosi akaniita kwenye veranda. Alikuwa anatazama simu, anacheka peke yake.

"Mzee, kuja uone. Nimeagiza hii."

Nikaona gari ya chini, imelala kama paka anayevizia ndege.

"Ni ya stima," akasema. "Haina rejeta, haina gia, haina kitu. Lakini ukiikanyaga, kabla useme mama yangu, iko mia."

"Inanguruma namna gani?"

"Haingurumi, mzee. Kimya."

Nilidhani ananichezea. Gari ya mbio isiyo na sauti! Nikamuuliza lile swali ambalo kila dereva angeuliza.

"Na nani ataiendesha?"

"Si ni wewe? Utaenda Nairobi uichukue mwenyewe, uilete nyumbani."

"Kweli, bosi?"

"Mzee, mimi nimewahi kukudanganya?"

Niliingia chumbani kwangu nikashindwa hata kula. Nilijiona nikiteremka kutoka Gilgil na ile gari, dirisha wazi, nikipita njia panda ya Kariandusi mahali nilikotembea na punda. Nilitaka kujua mtu kama mimi anasikia nini ndani ya gari isiyo na sauti. Pengine upepo. Pengine mpira ukigusa lami. Wewe utasema ni jambo dogo. Kwangu halikuwa dogo. Nilikuwa nimebakisha miaka michache ya kushika usukani, na nilitaka niimalize na hiyo.

Ndipo kungoja kukaanza. Tuliambiwa itafika kabla ya Pasaka. Bosi akaona gari ya zamani haina kazi tena, akaiuza. Pasaka ikapita. Nikawa dereva asiye na gari. Niliamka saa kumi na mbili, nikavaa koti la kazi, nikafagia gereji tupu, nikakaa kwenye kiti nikaitazama sakafu. Bosi alikwenda kazini na teksi ya simu, na mimi nilimfungulia mlango wa gari ya mtu mwingine! Dereva wa teksi alikuwa ananipungia mkono kana kwamba mimi ni mlinzi.

Mke wangu, ambaye anakaa Olenguruone na ng'ombe zetu, akanipigia.

"Unakuja lini?"

"Nangoja gari."

"Wewe umeolewa na gari ambayo haijazaliwa," akasema. "Ng'ombe amezaa huku na hata hukuuliza ni dume ama jike."

Alikuwa anasema ukweli. Sikuuliza.

Kijana fundi wa stima akaja kuweka mtambo wa chaji ukutani. Kijana wa maneno mengi. Akaniuliza kama nimeshasajiliwa.

"Kusajiliwa wapi?"

"Mzee, hiyo ndai, hiyo gari yenu, haina ufunguo. Ufunguo ni simu. Kila dereva anasajiliwa na simu yake. Yako iko wapi nione?"

Nikamtolea mulika mwizi yangu, ile ya tochi na vibonyezo. Akaishika na vidole viwili.

"Na hii, mzee, utafungua nyumba ya kuku."

Nikacheka naye. Lakini jioni nikamuuliza bosi, naye akasema mambo ya simu tutayapanga gari ikifika. Nikaamini. Sina kisingizio, niliamini.

Nilimuuliza fundi kitu kingine pia. Nilimuuliza hiyo gari tumbo lake liko juu kiasi gani kutoka chini. Akaweka kiganja kwenye mguu wangu, chini kabisa, karibu na fundo. Nikaenda getini nikapima kalavati. Pale getini kuna kalavati ambayo marehemu mwenye shamba aliijenga na mawe baada ya mvua moja kubwa kuosha njia. Imeinuka kama mgongo wa ng'ombe. Pikapu zilipita, lori la kuni lilipita. Hiyo haingepita, na mtu hahitaji kusoma vitabu kujua.

Nikamwambia bosi. Akasema ni gari ya kisasa, inajiinua yenyewe. Nikamwambia mara ya pili, na mama wa nyumba, mke wake, akasema, "Huyu mzee anataka kutubomolea geti." Mara ya tatu bosi aliinua mkono hivi, kama mtu anayefukuza nzi. Baba yangu alimsikiliza mtoto wa darasa la kwanza kuhusu punda. Mimi nina mvi mpaka kwenye nyusi. Nikatafuta mbao mbili nzito, nikazikata mimi mwenyewe kwa kipimo cha ile kalavati, nikazificha nyuma ya gereji, chini ya mabati. Nilijua siku yake itafika.

Sasa, kwetu mtu akinunua gari haiingizi nyumbani kimya kimya. Lazima iombewe. Pasta aipake mafuta kwenye boneti, kina mama waimbe, mbuzi aliwe. Hiyo desturi sina neno nayo. Hata pikapu ya kwanza ya marehemu iliombewa, na haikuwahi kuua mtu, kuku tu. Shida ni kwamba hawa waliita watu kabla ya gari.

Mara ya kwanza hema lilikuwa limesimama, mbuzi yuko kwenye sufuria, ndipo simu ikaja kwamba meli imechelewa. Watu wamekaa na sahani. Bosi akamnong'oneza pasta, na pasta, naye ni mtu mzuri simlaumu, akaenda akaombea gereji tupu. Akamwaga mafuta sakafuni. Tukasema amina. Mimi ndiye niliyesugua yale mafuta kesho yake, kwa magoti.

Mara ya pili gari ilikuwa bandarini, imekwama kwenye makaratasi. Mbuzi wa pili. Watu hawakuuliza hata gari iko wapi, waliuliza kama supu imeiva. Mama mmoja wa kwaya akaniambia, "Baba, hii gari ni tamu. Isifike haraka."

Mara ya tatu ilikuja.

Asubuhi hiyo nilipiga koti langu pasi mara mbili, nikafunga tai, nikamwendea bosi kabla hajanywa chai.

"Nijiandae twende Nairobi?"

"La, mzee, wanaileta na lori. Wewe utaipokea getini."

Nikatoka. Nikajiambia, sawa, Kariandusi imepita, lakini kutoka getini mpaka gereji ni hatua kama ishirini na tano, na hizo nitaziendesha. Tazama mtu alivyoshuka. Kutoka barabara yote ya Nairobi mpaka hatua ishirini na tano, na bado nilikuwa nashukuru.

Lori likafika kabla ya saa sita. Wakaiteremsha barabarani, wakaifunua. Ilikuwa rangi ya majivu. Kwaya ikaanza. Pasta akasogea na chupa yake ya mafuta. Bosi akachukua simu yake, milango ikafunguka yenyewe, akaingia. Upande wa dereva. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na tai.

Ilikuwa imewaka ama haijawaka sikujua. Nikafanya kitu bila kufikiri. Niliinama, nikaweka kiganja kwenye boneti, nikakaribisha sikio. Nilitaka kuisikia mara moja tu.

"Mzee, vidole!" mama wa nyumba akapiga kelele. "Vitaacha alama!"

Nikaondoa mkono wangu. Huo mkono ulimfunga mume wake mkanda alipokuwa wa nasari.

Gari ikaanza kwenda, kimya kweli, kama kitu kinachoteleza kwenye maji. Nikatangulia getini, nikanyoosha mikono yote miwili. "Simama! Bosi, simama!" Nilimwona kwenye kioo, anacheka, anafikiri nasherehekea. Mipira ya mbele ikapanda kalavati, ikashuka upande wa pili. Ndipo nikaisikia. Sauti ya kwanza niliyosikia kutoka kwa ile gari ilikuwa ni kama sufuria inakwaruzwa, na haikuwa mbali.

Ikakaa pale juu ya mawe, nusu ndani, nusu nje. Kwaya ikakata katikati ya ubeti. Bosi akatoka, uso umemwiva.

"Nani alijenga huu upuzi?"

"Ni baba yako," nikasema.

Watu wakacheka. Sikutaka wacheke, nilijibu swali tu. Lakini bosi aliwatazama wageni, halafu akanitazama mimi, na nikaona anatafuta mahali pa kutupa ile aibu.

"Jamani, mnajua huyu mzee wetu alidhani ni yeye ataendesha hii gari?" akasema kwa sauti. "Hii! Na hata skrini hawezi kusoma."

Wakacheka tena, na safari hii cheko lilikuwa langu.

"Ulisema nitaiendesha," nikamwambia. Sikupandisha sauti. "Pale kwenye veranda. Ulisema hujawahi kunidanganya."

"Mzee, wacha basi. Hizo zilikuwa stori tu." Akaonyesha chini ya gari. "Lala hapo uangalie imeshika wapi."

Chini ilikuwa tope la maji ya kuosha sufuria za karamu.

Sikuhitaji kulala ili nijue imeshika wapi. Nilijua tangu kabla haijapanda meli. Ilihitaji mbao mbili, moja upande wa kushoto mbele, moja nyuma, usukani kulia, na irudi pole pole. Ningeitoa kwa dakika tano bila kuongeza mkwaruzo mmoja. Miezi yote ile stori tu. Ningekuwa na miaka thelathini ningempiga. Nilihisi masikio yamejaa damu, sisikii wageni, sisikii pasta, sisikii chochote.

Nikavua koti. Koti lilikuwa la nyumba, si langu. Nikalikunja vizuri, nikaliweka juu ya nguzo ya geti. Gari ilikuwa imeziba njia, ikabaki nafasi ndogo kati yake na nguzo. Nikapita kiubavu, nimejibana tumbo, nisiiguse hata kwa kifungo cha shati. Pasta alikuwa bado amesimama na kizibo mkononi.

"Baba, unaenda wapi?" yule mama wa kwaya akauliza.

"Mwache," nikamsikia bosi nyuma yangu. "Anaenda kutafuta mbao."

Nikashika barabara ya kuteremka mjini. Sikugeuka. Nikapanda matatu, nikafika Olenguruone jua likiwa bado juu ya vilima, mke wangu akiwa anakamua, na nikamuuliza yule ndama ni dume ama jike.

Mbao ziko nyuma ya gereji, chini ya mabati. Sikurudi kuzitoa.