Betri Yenye Homa

Kazi yangu ni kufunga umeme wa jua katika vijiji vya Kibiti ambako nguzo hazijafika. Kila mteja nampa mahubiri yaleyale: betri haipendi joto, iweke kivulini, iachie nafasi ipitiwe na hewa, usiifunike. Watu huitikia "ndiyo, fundi", kisha huitandikia kitambaa cha kufuma na kuweka redio juu yake. Nimezoea.

Kwa mama yangu, anayeishi peke yake Mtunda, sikuhubiri. Nilidhani mama wa fundi anajua. Tena betri za wateja naziacha wazi juu ya kibao, lakini yake niliichongea sanduku la mbao za mkongo lenye kifuniko, nikalipiga vanishi mara tatu, nikaliweka chumbani, kando ya kitanda chake. Sikutoboa tundu la hewa hata moja, maana lingeharibu sura ya mbao. Mganga hajigangi.

Basi juma moja la jua kali simu yake, anayoichaji kwa betri hiyohiyo, ikawa haipatikani. Siku ya tatu nikapanda pikipiki. Nilimkuta uani anapepeta mchele, mzima kabisa.

"Mie sina neno," akasema. "Mgonjwa yumo ndani."

Chumbani palinuka mayai viza. Juu ya sanduku kulikuwa na blanketi lake zito, na juu ya blanketi khanga mbili. Nilipofunua nikaona betri imevimba mbavu zote. Niliiwekea kiganja nikakitoa upesi.

"Mama, umeifunika ya nini?"

"Ina homa. Juzi nimeigusa, yachemka. Nikasema itoe jasho."

"Betri haitoi jasho."

"Hata wewe ulikuwa hutoi mpaka nikufunike."

Nikakata umeme wa paneli, nikachomoa nyaya, nikafungua dirisha. Joto lilipopungua nikaibeba kwa gunia hadi kivulini nyuma ya jiko. Mama alinifuata na khanga mkononi, betri isije ikapigwa na upepo.

Hapo nikashindwa kujizuia. Nilimgombeza mama yangu, tena kwa sauti. Nikamwambia ingepasuka ikammwagia asidi, au ingewasha nyumba naye amelala hatua moja kutoka pale. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na kile kifuniko cha mbao," akauliza, "nilikiweka mimi?"

Kwa wateja nisingethubutu kufunga sanduku kama lile. Kwake nililifunga kwa sababu nilimpenda na nilitaka majirani waone.

Nikamuuliza, kwa sauti ya chini sasa, kwa nini basi asiende kulala kwa jirani na harufu yote ile.

"Nikalale kwa watu, nayo nimwachie nani?" akasema. "Si uliniambia mwenyewe, mama, nakuachia hii, itunze?"