Swali la Pishi Arobaini na Mbili

Kosa langu la mwanzo kazini lilikuwa kulipenda mno swali langu mwenyewe. Ilikuwa miaka ya hamsini, chumba cha mitihani kiko ghorofani, Mji Mkongwe, na kazi yetu kuchagua maswali ya takwimu kwa skuli zote za Unguja. Takwimu nilijifundisha kwa vitabu vya kuazima, basi kila asubuhi nilipanda ngazi nikihofu kuumbuka. Nilikuwa bado katika majaribio. Swali moja bovu lingenirudisha nyumbani.

Mkuu wa Mitihani alinifundisha tangu siku ya kwanza: swali zuri hupambanua, yaani wanaojua hulipata, wasiojua hulikosa. Wanalolipata wote hutupwa. Wanalolikosa wote, vilevile.

Langu liliuliza: mchumaji amechuma pishi arobaini na mbili za karafuu kwa wiki, wastani wake kwa siku ni pishi ngapi? Jibu, sita. Enzi hizo maswali yalijaribiwa skuli za mjini tu, na huko lilipambanua vizuri hata nikakosa usingizi kwa furaha. Kamati ikalipitisha.

Mwenzangu katika kamati, Bi Salma, akaenda Kidichi, kwenye mashamba ya karafuu, kumtazama dada yake, akawapa swali wanafunzi wa huko. Wale hodari wote waliandika saba.

"Wamefundishwa vibaya," nikasema.

Bi Salma akacheka mpaka machozi. "We mtoto wa mjini, karafuu umeziona wapi zaidi ya kwenye pilau? Ijumaa nani anachuma?"

Hapo nikafahamu. Wiki ya mchumaji ni siku sita, na arobaini na mbili kwa sita ni saba.

"Bi Salma, nifanyeje? Karatasi zinakwenda kupigwa chapa kesho."

"Swali lako, ulimi wako. Nenda kamwambie Mkuu mwenyewe."

Nikaenda.

"Shikamoo, Bwana Mkuu."

"Marahaba. Mbona umesawijika? Nani kafa?"

"Swali langu. Linawaangusha wanaojua. Nnaomba lifutwe."

Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaangua kicheko. "Wenzako huninunia nikiwafutia maswali. Wewe umelileta mwenyewe! Majaribio yako yamekwisha leo, kijana. Nenda kazini."

Bi Salma alikuwa ananingoja mlangoni, amekwisha sikia yote. "Halua iko wapi?"

Nilinunua ya kuwatosha chumba kizima, na kazi ile nikaifanya kwa raha hadi kustaafu. Tangu mwaka ule, swali haliingii kwenye mtihani mpaka lijaribiwe mjini na shamba.